Bibi "Mshirazi" mwenye mtani Kiwangwa: posa yangu ilivyopona

Habarini wakuu. Shikamoo zenu nimezipokea mapema, marahaba. Mimi ni bibi, nimevuka themanini, naandika kwa kidole kimoja. Haya ni kweli tupu, nilikuwepo.

Nimeona uzi humu mnabishana nani Mswahili halisi wa Bagamoyo. Nimecheka mpaka chai ikanipalia.

Miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, tulikaa Bagamoyo mjini. Baba alizaliwa Kiwangwa, Mkwere wa kutupwa. Alipohamia mjini akavaa kanzu, na Kikwere akakipiga marufuku nyumbani. Ukitamka neno moja tu, "Ushamba huo!"

Nikapata mchumba, Salum, fundi seremala. Roho yangu yote ilikuwa kwake.

Tatizo bibi yake aliyemlea, Bi Mwanaheri. Mtaa mzima ulijua asili yake Shirazi, maana alitukumbusha kila siku. Baba naye akajibu bila kupepesa macho, "Na sisi tulitokea huko huko."

Sasa wakuu, kwetu Wakwere binti haozwi mpaka mjomba, yaani kaka wa mama, akubali. Baba akasema mjomba asiambiwe, atatuumbua. Mama akanyamaza, ila salamu zikafika Kiwangwa. Wanawake tuna njia zetu.

Siku ya kupokea mahari, wanaume wako jamvini, Salum akiwemo, ubani unafuka, Bi Mwanaheri kwa uzee wake kapewa kiti mlangoni.

Mjomba huyo! Jogoo kwapani, vumbi mpaka magotini. Akasalimia vizuri, kisha akajitaja jina na ukoo wake, kama ada ya kwetu.

Baba akatazama dari. Mimi nyuma ya pazia nikajua Salum ndo basi tena.

Mara Bi Mwanaheri akadakia, "Ukoo gani? Nyie wala panya! Nani kawaruhusu kukaa na watu?"

Machozi yakanitoka.

Mjomba akaweka jogoo chini, akamfuata, akampokonya sahani ya halua, akaanza kula. "Ajuza, bado hujafa tu? Nangoja ubwabwa wa msiba wako mpaka meno yananiisha!"

Bi Mwanaheri akaangua kicheko mpaka ushungi ukamdondoka. Akamrudishia maneno kwa Kikwere kilichonyooka kuliko cha mama yangu!

Salum akauliza taratibu, "Bibi, Shirazi ipi hiyo yenye watani Kiwangwa?"

Kumbe koo zao ni watani tangu mababu. Na mtani, wakuu, akijitaja mbele yako huwezi kukaa kimya, ulimi unawasha. Miaka yote ile bibi wa watu kajibana, jina la ukoo mmoja likamfungua.

"Nyamaza wewe," akamwambia Salum, anajifuta machozi. "Kuishi mji wa watu ni kazi."

Baba akacheka kwa aibu, akamkaribisha shemeji yake kwa Kikwere. Sikuwahi kukisikia kinywani mwake. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia mahari.

"Kumbe ulimi hawakukukata!" mjomba akamwambia. Kisha akasema, "Binti nimemtoa, leteni halua nyingine."

Nilichojifunza: kanzu ni nzuri, mji ni mzuri, dini ndiyo yetu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotudai tuukane ukoo. Tulijidai wenyewe.

Haya, na wewe mtani wako ni nani? Mtaje hapa chini. Akija kukutukana, usikimbilie kushtaki kwa moda wa jukwaa. Mpe halua.