Mama Bukwe Nyuma ya Fidla ya Kwanza

Profesa wetu wa muziki alikuwa na dini moja tu, nayo ilikuwa macho. Usimwambie habari za vidole, usimwambie habari za upinde. "Macho, mabwana, macho!" alipaza sauti kwa Kifaransa chake cha puani, huku akijigonga paji la uso mpaka ngozi inaiva. Watu wanne wanaopiga pamoja bila mtu wa kuwaongoza kwa kijiti, alisema, hawana kinachowaunganisha ila kutazamana. Ukiinamia karatasi yako tu, umeingia chumba cha wenzako kwa makosa.

Ili dini hiyo itukae kichwani alituletea vikombe. Kila Jumatano kabla ya mazoezi tuliketi wanne kwenye meza tupu, kila mmoja na kikombe cha bati kilichojaa maji hadi ukingoni. Tulitakiwa kuinua pamoja, kunywa pamoja na kuweka chini pamoja, bila neno, kwa kufuata macho ya kiongozi. Aliyechelewa alijaziwa tena. Mimi nilikuwa mchelewaji. Nimekunywa maji ya shule ile jamani, mpaka leo nikisikia bomba linamiminika lazima nitafute choo.

Ilikuwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, miaka ya mwisho mwisho ya Wabelgiji, chuo kikuu kingali kipya kinanuka rangi, na hiyo shule ya muziki imebandikwa ubavuni mwake. Fidla ya kwanza, yaani kiongozi wetu, alikuwa mtu wa Kasai, mtanashati, tai shingoni hata joto la Oktoba, na mdomo usio na breki. Fidla ya pili ilipigwa na kijana wa Kibelgiji, mpole ajabu, akigonga kiti anakiomba radhi. Alto, ambayo ni fidla iliyonenepa kidogo, ilikuwa ya mwenzetu mmoja aliyeacha seminari lakini mwendo wa maandamano ya misa ukakataa kumwacha. Mimi nilipiga selo, ile kubwa inayokaa sakafuni katikati ya magoti. Nilipoileta nyumbani mara ya kwanza ndani ya sanduku lake, jirani alivua kofia akaniuliza nani amekufa.

Sasa, kulikuwa na msichana.

Wazazi wake walitoka kaskazini kama wangu, Wakatoliki kama sisi, baba yake mtu wa reli. Yeye alinipenda, mimi nilikuwa sili silali. Shangazi yangu alipopeleka posa, baba alikubali siku hiyo hiyo. Lakini katika nyumba ile baba kukubali ilikuwa kama kengele ya stesheni: inalia, na treni bado haijafika. Treni ilikuwa mama.

"Hakukatala," shangazi alirudi kuniambia, akivua viatu kwa hasira. "Hakuitika pia. Anasema tu: tutaona. Anauliza, muntu muzima anakumbatia mbao kutwa nzima, njo kazi gani? Kesho iko mu bar."

Mama yule alikuwa na sababu zake, simlaumu. Mdogo wake aliolewa na mpiga gita wa baa. Bwana yule aliaga anakwenda Ndola wiki moja kupiga kwenye harusi, na mpaka siku ninayozungumzia harusi ile ilikuwa na miaka sita haijaisha.

Hapa lazima nieleze jambo, maana vijana wa leo wanakula meza moja na wakwe zao na kugombania paja la kuku. Kwetu mama mkwe, tunamwita mama bukwe, haangaliwi. Si chuki, msinielewe vibaya. Ni heshima kupita heshima zote. Ukimwona njiani unaingia majanini mpaka apite. Humtazami usoni, huli mbele yake. Naye vilevile anakukwepa, anakupa mgongo, anajitupia kitambaa kichwani. Watu wawili wanakimbiana maisha yao yote, na kila mmoja anajua kwamba anaheshimiwa.

Basi tangu siku ya posa mimi nikaanza kukimbia. Niliruka mitaro ya cité, mtaa wetu sisi weusi, na suruali yangu nzuri. Sokoni nilijificha nyuma ya mafungu ya samaki wakavu, nikaenda mazoezini nanuka, yule Mbelgiji mpole akaniomba radhi kwa harufu yangu mwenyewe. Nilikimbia kama mkwe halali. Lakini mama yule, wapi! Hakukimbia hata hatua moja. Alisimama katikati ya njia, akanikazia macho makavu, akaniita kutoka mtaroni: "Yambo, kijana!" Vile vile anavyomsalimu muuza nyanya. Mama bukwe hamsalimu mkwe wake njiani hivyo. Kila "yambo" yake ilikuwa ni hapana, na iliniuma, nakwambieni kweli, kuliko matusi.

Miezi ikapita hivyo. Kisha shule ikatangaza kwamba sisi wanne tutapiga mbele ya watu, Jumapili alasiri, katika bwalo la kulia la wanafunzi. Shangazi akaja mbio.

"Anakuya," alisema. "Yee mwenyewe. Anasema ataangalia kama ni kazi ao ni mchezo. Halafu atasema neno lake, na nitalileta, na likiwa baya usinililie miye."

Nilifanya mazoezi mpaka vidole vikaota sugu juu ya sugu. Nilipiga pasi shati mara tatu. Nilifikiria kila kitu isipokuwa kimoja: atakaa wapi.

Bwalo halikuwa na jukwaa. Viti vyetu vinne viliwekwa chini, sisi tukatazamana kama kwenye ile meza ya vikombe. Wazungu walikaa mbele yetu kwenye viti vya kuegemea, wanawake na kofia zao. Weusi waliwekewa mabenchi kando, ukutani, upande wa kushoto. Na upande wa kushoto ndipo alipoketi kiongozi wetu wa fidla, uso kwa uso na mimi.

Tukaketi. Nikainua macho kumtazama kiongozi anipe ishara ya kuanza. Juu kidogo ya bega lake, benchi la kwanza, kitambaa cha kijani, mikono imekunjwa kifuani, macho mawili makavu yananitazama. Mama bukwe.

Nikainamisha kichwa kwa kasi mpaka pua ikagonga shingo ya selo.

Sehemu ya kwanza niliipiga nikitazama viatu vya kiongozi. Viatu vilikuwa safi sana lakini havitoi ishara. Niliingia nyuma, nikaharakisha, nikawapita wote, nikawangoja, wakanipita. Mwenye alto alifumba macho, nadhani alikuwa anatuombea. Tulipomaliza, wazungu wakapiga makofi ya adabu, na kiongozi akainama kana kwamba anakaza nyuzi.

"Weye!" akanong'ona. "Uniangalie mu macho! Unatafuta nini mu chini, umepoteza kifungo?"

"Siwezi. Mama bukwe iko nyuma yako."

Wakasai nao wana heshima hiyo hiyo, kwa hiyo hakucheka, angalau si mara moja. Akageuza jicho, akaona, akarudi kwangu na meno yote nje. "Mama bukwe gani? Hajakuitika ata siku moya! Yule ni mama wa bantu tu. Mwangalie!"

Hapo ndipo aliponimaliza. Kwa maana nikimwangalia usoni, mimi mwenyewe, mbele ya mashahidi wote wale, nimesema si mama mkwe wangu. Nimeivunja posa yangu kwa macho yangu. Nisipomwangalia, simwoni kiongozi, muziki unaharibika, na yeye amekuja kuona kama ninajua kazi. Huku moto, huku moto.

Sehemu ya pili ilikuwa ya polepole, ya huzuni, nami nikaamua kufumba macho kabisa. Wazungu wakafurahi. Nilisikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mumewe kwamba ona, huyu mweusi anahisi kila noti. Nilihisi kweli, bibi, ila noti zenyewe sikuzijua ziko wapi. Wenzangu walifika mwisho wakanyamaza, mimi nikaendelea peke yangu, kwa uchungu mwingi, mistari miwili ambayo hakuna aliyeiandika. Nilipofungua jicho moja, profesa alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, uso wake umeiva kama nyanya.

Ikabaki sehemu ya mwisho. Katikati yake kulikuwa na mahali tulipopaogopa wote. Muziki unapanda, unapanda, halafu wote wanne wanakata ghafla, kimya. Kimya hicho hakina hesabu. Hakuna kuhesabu moja mbili tatu. Kiongozi anainua upinde, anavuta pumzi, anamtazama wa selo, na hao wawili wanaingia pamoja. Usipomtazama, huingii. Vikombe vyote vile vya maji vilikuwa kwa ajili ya mahali pale.

Tukapanda. Tukakata. Kimya.

Nilitazama viatu. Viatu vikangoja. Nilijua kiongozi ameinua upinde, nilijua ananitazama. Bwalo zima likangoja. Kiti kikalia. Mtu akakohoa kwenye leso. Kimya kikawa kirefu mpaka yule Mbelgiji akavuta pumzi kama anayetaka kuwaomba radhi watu wote. Nikajiambia, basi. Wenzangu watatu hawana kosa. Nitamwangalia, nitamkosa yule msichana, na nitakufa nikiwa nimeingia pamoja na fidla. Moyo uliniuma hivi kwamba nilitaka kulia hapo hapo juu ya selo ya shule.

Nikainua macho. Polepole. Magoti ya kiongozi. Tai. Kidevu. Macho yake, yamemtoka kwa hasira na hofu. Na juu ya bega lake, kitambaa cha kijani kimefunika kichwa, na chini ya kitambaa, mgongo.

Alikuwa amegeuka. Mama mzima wa heshima zake, kwenye benchi la mbele, amezungusha miguu upande wa pili, magoti yake yanabanana na ya watu wa benchi la nyuma, ananipa mgongo mpana na anatazama ukuta. Shangazi yangu, pembeni yake, amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

Kiongozi akavuta pumzi. Nikavuta naye. Tukaingia.

Siwezi kuwaambia nilipiga vipi, maana sikumbuki mkono wala upinde. Nakumbuka tu kwamba nilimtazama yule Mkasai machoni mpaka noti ya mwisho, na hata yeye, na mdomo wake wote ule, alikuwa amevaa uso wa kanisani. Mama hakugeuka. Wazungu walisimama kupiga makofi, yeye mgongo. Tukainama, yeye mgongo.

Profesa alitujia akitetemeka. Hakugusa zile noti zangu za kubuni, hakugusa kile kimya. "Yule mwanamke!" alisema. "Wa kitambaa cha kijani! Miaka ishirini napiga muziki, sijawahi kuona mtu anatukana wanamuziki kiasi hicho mbele ya umati! Nani huyo? Nani amemwalika?"

Wenzangu wakanitazama. Nilisimama na selo yangu.

"Bwana Profesa," nikasema, na ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno lile na haki yake yote, "huyo ni mama mkwe wangu."

"Na hapendi muziki?"

Nilitaka kumweleza. Nikalia mbele ya wale wanawake wa kofia, mtu mzima na akili zangu, nikalia kwa kwikwi, na profesa, ambaye mpaka anarudi kwao Ubelgiji hakuelewa nilichofanyiwa siku ile, akatoa leso yake mfukoni akanipa.