Kahaso kwenye Meza ya Kadi

Nimekaa kwenye meza ya kadi ya zahanati yetu hapa Junda kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo nimeona wanafunzi wa vyuo wakija na kuondoka mpaka nimechoka kuwahesabu. Wote huja na karatasi za maswali, wote huniita mama, na wote hupotea mara tu wanapopata sahihi ya mganga mkuu. Kwa hiyo Kahaso Ngala alipoingia mwezi wa pili sikuinuka hata kumtafutia kiti.

Mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mrefu, visigino vya viatu vimelika upande mmoja. Alikuwa karani katika ofisi ya wakala wa kutoa mizigo kule Kipevu, anakaa Changamwe na mamake asiyejiweza miguu, na mwaka huo ulikuwa wa tano akisomea shahada ya uzamili ambayo wenzake waliimaliza kwa miwili. Alikwisha kuongezewa muda mara mbili. Sasa chuo kilimwambia mwisho ni mwezi wa nne. Asipotetea tasnifu yake hapo, atafutwa, na miaka yote mitano iende bure. Haya aliniambia siku ya kwanza, wala si kwa kulalamika. Aliyasema kama mtu anayemtajia kondakta anakoshuka.

"Na wasomea nini hasa?" nikamuuliza.

"Mifumo ya habari, mama. Ile ya kompyuta. Lakini kwa njia ya kuanza na mtumiaji. Unamwangalia anayekitumia kitu, unamsikiliza, ndipo unakitengeneza."

"Na mtumiaji wa hicho chako ni nani?"

"Kina mama wanaoleta watoto kliniki."

Nikatazama rejista zangu nne, zilizoshonwa na kushonwa tena kwa uzi wa gunia. Ishirini na mbili ni miaka mingi ya kutokuwa mtumiaji wa kitu.

Kitu chenyewe kilikuwa tabuleti. Kahaso aliona kwamba wengi hupoteza vitabu vya kliniki au huvisahau nyumbani, na wengine hawajui kusoma. Basi akatengeneza mfumo wa sauti. Mama anafika, anabonyeza picha ya mtoto mchanga, anataja jina lake na la mtoto, na mashine inaleta faili: uzito, chanjo, tarehe ya kurudi. Isipoyapata majina hayo mawili pamoja, inafungua faili mpya. Hakuna kitabu wala foleni ya meza ya kadi. Niliyasikia hayo ya foleni vizuri sana, maana foleni hiyo ndiyo kazi yangu.

Aliwajaribu kina mama kumi na wawili chini ya turubai letu la uzani. Kila mmoja alipewa mtoto wa kubuni: wewe jifanye mama wa Salama Juma, wewe mama wa Peter Charo. Wote walifaulu. Alipowauliza wanakionaje, walimjibu, "Kizuri, mwanangu, hakina taabu." Kahaso akaandika kizuri, kizuri, kizuri, kurasa mbili nzima. Nilimwona akitabasamu peke yake, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuiona kasoro.

Mimi ni wa Mtongwe kwa kuzaliwa, nimeolewa huku Kisauni, na mwaka wangu wa kwanza mezani nilifanya kosa ambalo sijalisahau. Alikuja mke mmoja wa Kigiriama na mtoto wa kiume, kifungua mimba. Nikamuuliza jina la mtoto. Akainama. Nikauliza tena, nikapandisha sauti mbele ya foleni nzima. Akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka, na hakurudi kwetu tena. Baadaye wifi yake ndiye aliyenieleza kwamba mtoto amepewa jina la baba mkwe, kama ilivyo ada yao, na mke mwenye heshima zake halitamki jina la mkwewe, hata likiwa la mwanawe aliyemzaa. Nyumbani humwita Baba. Tangu siku hiyo siulizi jina. Nauliza mtaa, nauliza mume, kisha nayasoma majina mwenyewe polepole, na mama hutikisa kichwa nikifika kwake. Si wote wanaoishika ada hiyo siku hizi, lakini wanaoishika ni wengi kuliko wanavyodhani watu wa ofisini.

Kahaso ni Mgiriama, nawe utasema angejua. Lakini alizaliwa Changamwe kwenye nyumba za kampuni, na hajaolewa, hajawahi kuwa na mkwe wa kumwogopa. Na mimi nilifunga mdomo wangu.

Majaribio yenyewe yalikuwa ya wiki tatu. Alichukua likizo yake yote ya mwaka, siku ishirini na moja ambazo alizihitaji kulala, akazileta kwetu. Kila asubuhi alipanda magari mawili, akafika na macho mekundu, "Shikamoo, Bi Mwanamkasi," nami nikamwitikia, "Marahaba," nikaendelea na wino wangu. Aliingiza majina ya watoto wetu wote wa kliniki, mia mbili, pamoja na ya mama zao, kutoka kwenye rejista zangu. Saa sita mchana ungemkuta amesinzia kwenye benchi, tabuleti mapajani, mdomo wazi kidogo. Nilimhurumia. Namhurumia hata ninapoandika haya. Lakini huruma ile haikunifungua mdomo.

Wiki ya tatu mashine ilikuwa na watoto mia mbili na sitini, wakati waliojifungua au kuhamia mtaani hawakufika watano. Kumi na mmoja kati ya hao wapya waliitwa Baba, na wengine majina ya kubembeleza ya nyumbani. Kahaso akadhani mashine haisikii sawasawa lafudhi za watu wa huku, akakesha kuirekebisha, na siku ya pili wakaongezeka kina Baba wawili.

Siku ya Jumatano alifika Dhahabu, mke wa Tinga mwenye kibanda cha mbao, na mwanawe Kaingu wa miezi tisa. Kaingu alikuwa amechanjwa surua wiki iliyotangulia, siku mashine ilipoishiwa moto nami nikamwandika kwa mkono, na kesho yake Kahaso akaiingiza chanjo hiyo kwenye faili ya Kaingu. Sasa alirudi kupimwa uzito tu. Dhahabu akabonyeza picha, akataja jina lake, akainama, akasema "Baba" kwa sauti ya kunong'ona. Faili mpya ikafunguka, tupu, na mashine ikasema mtoto huyu anadaiwa chanjo zote. Muuguzi Phoebe akavuta dawa kwenye sindano. Dhahabu ndiye aliyemzuia, akamwonyesha mkono wa mtoto wenye alama ndogo.

"Si mulimdunga juzi?" akauliza, kwa adabu kabisa.

Phoebe akaiweka sindano mezani akamtazama Kahaso. Kahaso alitoka nje akampigia simu msimamizi wake, Daktari Nicanor. Aliporudi alikaa kando yangu, mara ya kwanza tangu aje.

"Ameniambia niyaache haya majaribio," akasema. "Nisiyataje. Nitetee na wale kumi na wawili tu, wale waliofaulu. Kesho kutwa Ijumaa, nimalize, nipumzike."

"Na utafanya hivyo?"

"Nimechoka, mama. Wallahi nimechoka. Ndiyo, nitafanya hivyo."

Ningeweza kuliacha hapo. Angepata shahada yake, nami ningebaki na meza yangu, na mashine yake ingekaa kabatini mpaka siku mtu mwingine atakapoichukua kwa kuwa imeandikwa kwamba kina mama wote walifaulu. Nikaiona tena ile sindano. Nikamweleza yote, kuanzia yule mke wa mwaka wangu wa kwanza hadi Dhahabu.

Alinisikiliza bila kunikata. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu, jina la baba yake Tinga ni nani, nikamwambia Kaingu. Akafumba macho. Kisha akakusanya vitu vyake akaenda.

Ijumaa aliyasema mbele ya jopo. Aliniambia baadaye kwamba Daktari Nicanor alitazama dirishani wakati wote. Mjumbe mmoja akamuuliza ni mahojiano mangapi aliyofanya na karani wa zahanati kabla ya kutengeneza mfumo. Akajibu, hata moja. Walitoka, wakarudi. Hawakumpitisha. Wamempa miezi sita, ya mwisho kabisa, aanze upya kazi yote ya kuwasikiliza watu, na likizo hana tena.

Jumatatu alikuja baada ya kazi, wakati nafunga madirisha. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu ya kujitetea.

"Ulijua tangu siku ya kwanza?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mwanangu."

Alitikisa kichwa taratibu. "Kweli. Sikukuuliza." Akajiinamia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kukubali kosa lote ni lake. Hilo sikuliweza.

"Na hata ungeniuliza nisingekwambia," nikasema. "Nilitaka ushindwe. Kila siku nilipoona kina Baba wanaongezeka nilifurahi. Hiyo ndiyo kweli yenyewe."

Nilingoja anitukane, na ningeona nafuu kama angenitukana. Badala yake akavuta mkoba, akatoa daftari, akaandika tarehe, akaandika jina langu chini yake.

"Sema tena, Bi Mwanamkasi," akasema kwa ile sauti yake ya uchovu. "Polepole, niandike. Ulikuwa ukiogopa nini?"

Nikafungua mdomo kumjibu, nikaona nalia.