Mgonjwa wa Chunyu

Miaka ile ya mradi wa karanga wa Waingereza nilikuwa nafanya kazi kwenye karakana ya matrekta Nachingwea. Jioni moja akaja jirani yetu wa Chunyu, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Alizungumza kwanza na mnyapara pembeni, kisha na wenzangu, na mimi akaniambia mwisho: "Kwenu kuna mgonjwa. Unaitwa."

Nilimuuliza ni nani anayeumwa. Akasema, "Wewe njoo tu." Mama nilikuwa nimemwacha anakohoa, na kikohozi chake hakikunipendeza, basi sikuuliza zaidi. Mke wangu alikuwa huko huko kwa mama, ana mimba ya kwanza na siku za kujifungua zimekaribia, nami nikajifariji kwamba angalau mama ana mtu wa kumchemshia uji.

Kwetu neno mgonjwa lina tumbo kubwa. Aliyefiwa haambiwi akiwa mbali. Huambiwa kuna mgonjwa, atembee na matumaini yake mpaka afike penye watu wa kumshika. Hata mtoto analijua hilo. Lakini watu huugua kweli pia, na hilo ndilo nililoling'ang'ania.

Mnyapara wetu, ambaye ukimwomba ruhusa ya kwenda kunywa maji anakutukana, alinipa ruhusa huku akitazama viatu vyangu. Wenzangu wanne wakasema watanisindikiza. Nikawaambia kuendesha baiskeli najua mwenyewe. Wakasema njia ina simba. Hilo lilikuwa kweli, ila mmoja wao alifunga jembe kwenye baiskeli yake, na simba hafukuzwi kwa jembe. Nilimkasirikia.

"La nini hilo?"

"La shangazi yangu, yuko huko," akajibu, na mimi najua shangazi zake wote wako Masasi.

Tulitoka alfajiri, yule jirani akituongoza. Nambambo tuliipita watu wakifungua milango. Mbele yake ikaanza nchi iliyosafishwa. Msitu niliokuwa naujua ulikuwa umeng'olewa wote kwa mashine, ardhi nyekundu imelala uchi mpaka macho yanapokomea. Hapakuwa na kivuli wala ndege wa kulia. Vumbi lilikuwa linainuka lenyewe, linazunguka kidogo, linakaa chini, nasi hatuusikii upepo wowote. Watu walisema humo yamelimwa makaburi pamoja na visiki. Jua lilikuwa la utosi, na mimi nilisikia baridi mgongoni.

Kilichonitisha zaidi ni mtani wangu, mmoja wa wale wanne. Alikuwa Mngoni wa Songea, na sisi Wamwera hakuwa akituacha tupumue. Asubuhi na jioni huniita mtumwa wake aliyetoroka. Siku hiyo alikuwa nyuma yangu tu, kimya. Nikamchokoza mwenyewe: "Mngoni, leo umemeza ulimi?"

"Tunywe maji kwanza, ndugu yangu," akasema taratibu. Tangu tujuane hakuwa ameniita ndugu.

Basi nikasema mimi. Niliwasimulia habari za mama, ukali wake, jinsi anavyopika mbaazi. Kila nilipomtaja waliinamia usukani. Hakuna aliyesema atapona, na hakuna aliyesema pole.

Tulikutana na mtu anayetoka Ruangwa na baiskeli yake. Akauliza tunakwenda wapi. Yule jirani, aliyekuwa mbele yetu, akamjibu, "Chunyu. Kuna mgonjwa." Yule mtu akashuka, akailaza baiskeli vumbini, akavua kofia. Nilipogeuka baadaye alikuwa bado amesimama vile vile, kofia mkononi, katikati ya ile nchi tupu. Nikaona kama ninayesindikizwa kaburini ni mimi. Nikakanyaga pedali kwa hasira, nikawapita wote.

Ruangwa hatukupumzika. Kwenye vilima tulikuwa tukisukuma baiskeli bila kutazamana. Tulifika Chunyu alasiri. Wanaume walikuwa wamekaa mikekani uwanjani kwetu. Hakuna aliyeinuka kunipokea, na salamu yangu iliitikiwa chini chini. Nikasema basi, mama amekwenda.

Mara mama akatoka ndani. Kwa miguu yake mwenyewe, kanga imefungwa kiunoni.

Niliiacha baiskeli ianguke. Nilicheka kama mwendawazimu, nikamkumbatia, nikasema Alhamdulillahi kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia, nikarudia tena na tena. Sijawahi kufurahi vile, kabla wala baada. Nikawageukia wenzangu nicheke nao. Walikuwa wamesimama wameshika baiskeli zao, na yule Mngoni amejifunika uso kwa mkono.

Nikamwita mke wangu aje aone nilivyofika.

Mama akanishika viganja vyote viwili, akavikaza. "Kaa chini, baba," akasema. "Mkeo tumeshamwosha. Tulikuwa tunakungoja wewe."