Muuza Mananasi wa Kiatu Kimoja: kosa nililoliripoti mwenyewe

Wakuu, salamu kutoka Juba.

Uzi huu ni wa gemu, lakini nawasihi wazee wenzangu wasiufunge mapema. Sina sababu ya kutia chumvi, maana aibu iliyomo humu ni yangu mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 14 Juni, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la fundi cherehani wangu kule Gumbo, kando ya barabara ya Nimule, nikisubiri anipunguzie gauni kiunoni. Mkononi nilikuwa na kifaa changu cha gemu.

Naam, nacheza gemu. Nina miaka arobaini na tisa, ni Mkenya, mkutubi katika chuo kimoja hapa mjini. Wengine hufuma vitambaa.

Gemu yenyewe ni ya Kijapani, ya zamani kidogo. Unakuwa mpelelezi anayezunguka katika mji wa bandari akihoji watu. Sitalitaja jina lake, nisionekane nimelipwa kuinadi.

Utamu wake kwangu si upelelezi. Walioitengeneza walificha ndani yake burudani za ujana wao: bango la sinema ya zimwi la mpira, joho la bondia lililoanikwa kambani, kinyozi mwenye nywele za mwimbaji wa enzi zile. Mashabiki tuna ukurasa ambapo tunaorodhesha kila fumbo tunalolitambua. Mengi nimeyafumbua mimi. Ukipanga vitabu kwa miaka ishirini na mbili, jicho lako hujifunza kuona kilichokaa pasipo pake.

Ndivyo nilivyomwona muuza mananasi.

Ni msichana wa sokoni, ndani ya gemu. Ukimkaribia hucheza dansi kidogo, na katikati ya dansi kiatu chake cha kushoto hutoweka. Sikuona fumbo hapo. Niliona uzembe wa watengenezaji.

Kampuni ilikuwa imetangaza kwamba inaandaa toleo jipya, na ikawaomba wachezaji waripoti makosa. Nikajaza fomu, nikaambatisha picha. Wakanishukuru, na kiatu kikaingia katika orodha ya marekebisho. Nilijivuna wiki nzima.

Miezi miwili baadaye ndipo nikawa pale Gumbo.

Fundi wangu anaitwa Mama Santina, Mganda wa Gulu, miaka sitini na ushei, kiongozi wa kina mama kanisani kwao. Kiswahili chake ni cha Kampala.

"Madamu, mtu mkubwa na digrii, unacheza na kitu ya watoto?"

Nikamwonyesha skrini ili nijitetee. Kwa bahati nilikuwa sokoni. Muuza mananasi akaanza kucheza.

Cherehani ikanyamaza.

"Rudisha."

Nikarudisha. Mama Santina akageuka, akaukabili ukuta.

"Usiseme kitu. Ongeza sauti. Mimi nitakuambia. Sasa anazunguka mara tatu. Sasa anarusha kiatu. Ngoma inapiga moja tu, peke yake."

Ikapiga. Nimecheza gemu hii miaka mingi, wakuu, na sikuwahi kulisikia pigo lile kwa sababu mimi huzima sauti nikicheza.

"Sasa anatembea na vidole, hii mguu ya kushoto, ndiyo kiuno isilale upande."

Hivyo hivyo.

Akanieleza akiwa bado ameutazama ukuta. Alipokuwa msichana alikuwa mcheza dansi wa bendi ya Wakongo iliyopiga Kampala na Nairobi. Bendi ikaalikwa Japani, ambako rumba ilikuwa na wapenzi wake. Katika onyesho moja kisigino cha kushoto kilivunjika mbele ya ukumbi uliojaa. Akakirusha kiatu, akaendelea. Mpiga ngoma akacheka, akapiga pigo moja nje ya mpangilio. Watu wakasimama. Tangu siku hiyo kiongozi wa bendi akamwamuru afanye vile kila onyesho.

"Nilimaliza viatu, Madamu! Viatu mpya!"

Nikamwambia pengine ni sadfa tu. Mkutubi haamini upesi.

"Hapana. Rudisha tena, halafu ngoja, usiguse hiyo kitu. Ataokota kiatu aweke juu ya ngoma."

"Hakuna ngoma hapa, Mama. Ni mananasi tu."

"Ngoja."

Mchezaji wa gemu hangoji. Hubonyeza akaenda zake. Kwa miaka yote ile sikuwahi kumtazama msichana yule zaidi ya nukta chache. Sasa tukangoja karibu dakika nzima, malori ya Nimule yakipita.

Msichana akainama nje ya skrini. Akainuka na kiatu mkononi, akakiweka taratibu juu kabisa ya rundo la mananasi, akapiga makofi mawili.

Nyuma yangu, bila kutazama, Mama Santina akapiga makofi mawili. Pamoja naye.

"Kalas," akasema, yaani basi, kwa Kiarabu cha Juba. "Huyo ni mimi."

Nikamuuliza kama ana picha za wakati ule.

"Zote zilibaki kwa nyumba tuliyokimbia. Watoto yangu hawajaona hata moja. Wanadhani nilizaliwa na hii cherehani."

Ikanibidi nikiri. Nikamweleza habari ya fomu, na kwamba toleo jipya likitoka msichana atakuwa na viatu viwili, hatakuwa na cha kuokota, na dansi itakwisha kama dansi nyingine yoyote.

Akanitazama sana.

"Kwa hivyo wewe ndiyo ulinishtaki."

"Ndiyo, Mama."

"Basi rudi, ukaseme tena."

Nikarudi. Wasimamizi wa ukurasa wa mashabiki walinijibu kwamba hadithi ni nzuri ila ushahidi hakuna. Niliwatumia video ya kiatu kikiwekwa juu ya mananasi. Wakasema hilo nalo huenda ni kosa. Jamani, kosa lenye kuinama na kuokota? Kampuni nayo ilinijibu mara tatu kwa ujumbe uleule, kwamba orodha imefungwa.

Sikukubali. Mimi ndiye niliyekiingiza kiatu humo. Katika kijitabu cha gemu, ukurasa wa mwisho, kulikuwa na anwani ya posta. Nikaamua kuandika barua ya karatasi.

Rasimu nilimsomea Mama Santina kwanza, kwani dansi ni yake. Akauliza kama watu wa kanisa watasikia. Nikamwambia huenda wakasikia. Akashona kwanza mkono mzima wa blauzi.

"Andika jina yangu yote," akasema mwishowe. "Kule, kwa karatasi ya onyesho, waliandika 'wachezaji wanne'. Mimi sikuwa wanne."

Funzo nililolipata ni hili: kitu kilichokaa pasipo pake huenda kuna mtu alikiweka kwa makusudi, na jicho kali bila subira hufuta watu. Wenye kisa cha namna hii, shusheni hapa chini. Mwenye Kijapani ajitokeze, huenda nikamhitaji. Jibu la barua hiyo bado sijapata.

Barua niliituma wiki tano baada ya siku ile, kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ni hii:

*Kwa watengenezaji,*

*Mimi ndiye niliyewaandikia kwamba kiatu cha muuza mananasi ni kosa. Nilikosea, na naiondoa ripoti yangu.*

*Dansi ile ni ya Santina Aber, aliyeicheza nchini kwenu akiwa msichana. Yu hai. Anashona nguo Gumbo, ng'ambo ya daraja la Juba. Aliielezea dansi yenu yote akiwa ameipa mgongo, hata pale kiatu kinapowekwa juu ya mananasi. Hana picha nyingine ya ujana wake.*

*Mkitoa toleo jipya, rekebisheni mengine yote. Kiatu kiacheni.*

*Na ikiwa bado yupo kati yenu aliyekuwa ukumbini siku ile, Santina anamsalimu, na ameniagiza nimwambie jambo moja. Siku zilizofuata ilikuwa mbwembwe. Siku ile ya kwanza kisigino kilivunjika kweli, naye aliogopa sana, na akacheza.*