Mwaliko Mara Kumi na Mbili

Hafidha, mchapaji wa steshenari mjini Nachingwea, alijifundisha programu za kompyuta kwa simu. Harusi ya kaka yake ilipokaribia, akaandika programu ya kutuma mialiko: kitanzi cha nje, yaani amri inayojirudia, kipitie vijiji kumi na viwili, cha ndani kipitie waalikwa wa kila kijiji. Kumbe cha ndani alikiachia kipitie waalikwa wote, kwa hiyo kila mtu akaalikwa mara kumi na mbili.

Siku ya harusi shangazi yake, Tunu, alishuka kutoka Nkowe na msafara wa bodaboda.

"Shikamoo shangazi. Hawa wote?"

"Marahaba. Umenialika mara kumi na mbili, nije peke yangu nikuaibishe?"

Hafidha akakimbilia jikoni kuongeza maji kwenye mchuzi, huku akikitukana kitanzi cha ndani matusi ya stendi.