Almasi ya pete yetu ina barua ya kijiji, na shamba lililotajwa nalifahamu

Barua yenye mhuri wa kijiji inasema almasi ya pete ya mchumba wangu iliokotwa kwenye shamba la muhogo huko Biharamulo, kata ya Nyarubungo.

Shamba hilo nililipima mwenyewe. Nilichimba mashimo ya kuchukua udongo, na kwa miaka mitano nilipita pale karibu kila wiki. Almasi haipo.

Wakuu, heshima kwenu. Majina nimebadilisha na kijiji sikitaji, sababu mtaiona mbele. Mengine yote ni kama yalivyotokea.

Mimi ni bwana shamba. Nilianzia kazi Biharamulo, sasa niko Ngara. Mchumba wangu, nimwite Adela, ni wa Bugarama, na ndoa tumepanga baada ya mavuno.

Yeye angeridhika na pete ya kawaida. Almasi niliitaka mimi, ujuaji tu.

Sharti lake lilikuwa moja: nijue jiwe limetoka wapi. Na hilo hakulitoa mtandaoni. Miaka ya wakimbizi mama yake alikuwa anapeleka maharage kuuza kambini Lukole. Siku moja mwanamke mmoja hakuwa na hela, akavua hereni za dhahabu masikioni akampa. Mpaka leo ziko kwenye kikopo. Mama hajazivaa wala hajaziuza.

"Mama anasema hakuuliza huko vitani zimetoka kwa nani, kwa sababu jibu alilijua," Adela aliniambia. "Wewe uulize."

Nikauliza. Kuna jamaa Biharamulo mjini anatengeneza saa na kuuza pete, kibanda chake hakina hata kibao. Nilipotaka kujua asili ya jiwe, alicheka.

"Bwana shamba, ng'ombe anauzwa kwa barua ya kijiji, jiwe lishindwe?"

Akatoa barua. Niliona mhuri wa bluu, sahihi, alama ya dole gumba, na maneno "jiwe aliloliokota shambani kwake". Nikaridhika, nikanunua. Sonara mmoja wa Mwanza alilipima, akasema ni almasi kweli.

Nikiri hapa: kazini nimezoea kwamba karatasi yenye mhuri ikishafika mezani, maswali yameisha.

Adela ndiye aliyeisoma yote, amesimama jikoni.

"Konsolata ni nani?"

Nilishtuka. Mama Konsolata ni mjane, shamba lake lilikuwa moja ya mashamba yangu ya mfano.

"Na hili jiwe limekatwa, lina pande pande," akaendelea. "Alilikata kwa jembe?"

Jumamosi nikawasha pikipiki.

Nilimkuta nje anamenya muhogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba bwana shamba. Umenenepa. Huko Ngara nani anakupikia?"

Nilimsomea barua polepole. Akaomba nirudie mstari wenye jina lake.

"Jiwe gani? Mimi mawe nayatupa pembeni ili jembe lipite."

Baadaye akakumbuka. Kabla ya msimu wa kupanda alipita mwanamume mwenye faili, akasema ametoka kilimo, anaandikisha watu wa mbolea. Mama akaweka dole gumba kwenye karatasi tatu. Mbolea hajaiona.

"Hukumwambia akusomee?"

"Wewe uliwahi kunisomea?"

Hakuuliza kwa hasira. Wakuu, sikuwahi. Wakulima wale nimewahi kuwapanga foleni, kidau cha wino mkononi, nikawa nafunua karatasi moja baada ya nyingine ili tumalize kabla ya mvua.

Kuhusu mhuri, kama ni wa kweli au umechongwa, sijui, na simtuhumu mtu.

Nilidhani ataogopa polisi. Aliogopa kingine.

"Watu wakisikia hapa kuna almasi, muhogo wangu utabaki?"

Mwenyeji wa huku anaelewa. Uvumi wa dhahabu ukitoka, ndani ya wiki watu wamefika na sululu na maturubai. Wakiondoka, unabaki na mashimo. Mama huyu ana shamba hilo hilo moja, na wajukuu wanne wanalitegemea.

Nilirudi kwa muuzaji. Hakukana wala hakukubali.

"Mkuu, wateja wa siku hizi mnataka karatasi. Basi na sisi tunawatafutia karatasi. Wasiouliza hatuwasumbui."

Nikamuuliza jiwe limetoka nchi gani. Akainamia saa aliyokuwa anaitengeneza.

Hapo ndipo nilipo. Nikiripoti, jina la kwanza kwenye faili ni la Mama Konsolata, na habari ikivuja shamba limekwisha. Nikinyamaza, jina lake linaendelea kusafisha jiwe ambalo huenda mtu aliumizwa kulipata, au hata kuuawa. Sina ushahidi wa hilo. Nina ushahidi tu kwamba halikutoka kwenye muhogo.

Adela amekataa kulivaa. Tutafunga ndoa kwa pete za kawaida.

Nilichojifunza: kuuliza kama jiwe lina karatasi hakutoshi. Mtafute aliyeandikwa kwenye karatasi, umuulize yeye, kabla hujatoa hela. Mimi nilitoa kwanza.

Wenye uelewa wa sheria za madini, nisaidieni. Kuna njia ya kuripoti bila kumtanguliza mama wa watu? Na kama kuna mwingine humu aliyeuziwa jiwe lenye barua ya kijiji, asome jina lililoandikwa, aseme.

Nyongeza: nikiwa naandika haya Mama Konsolata amepiga simu. Wanaume wawili asiowafahamu wamesimama mpakani mwa shamba lake, mmoja ameshika karatasi yenye mhuri wa bluu. Amewauliza wanatafuta nini. Wamemjibu wanaangalia tu, na bado wapo.