Suruali ya Mpiga Drams

Mpiga drams wa bendi yetu pale Mpanda alikaa nyuma kabisa, na watu ukumbini walimwona kichwa na mikono tu. Hata hivyo, kwenye sare zetu nyeupe, suruali yake ndiyo iliyonyooka kuliko zote. Aliifua mwenyewe, akaitia wanga wa muhogo, akaipiga pasi ya mkaa huku akipiga mluzi. Kabla ya kuketi aliivuta magotini kwa vidole viwili, polepole. Tulipoalikwa Usevya baada ya mavuno ya mpunga, tuliondoka kwa lori la mizigo, tumeshavaa sare kabisa. Sisi tukakaa juu ya magunia; yeye akajifunga shuka kiunoni kuzuia vumbi, akashika bomba la lori, akasimama safari nzima.

“Kaa, bwana,” Stanslaus wa tarumbeta alimwambia. “Nani ataiona hiyo suruali?”

“Wakipiga makofi huwa nasimama.”

Jioni ile walipiga makofi. Akasimama, akazunguka mbele ya drams zake, mstari wa pasi umeshuka wima mpaka kwenye kiatu. Sisi tulikuwa na alama za magunia matakoni. Safari iliyofuata, ya Mwese, bendi nzima tulisimama.